Nahodha Aliyeitwa Msichana wa Chai

Mjomba wangu hajui Kiingereza. Naanza na hilo kwa sababu nilipokuwa mtoto hakuna mtu pale mtaani kwetu Somanda aliyelijua, na kwa sababu hasira ninayotaka kuieleza imetoka hapo.

Alikuwa na kibanda cha video nyuma ya nyumba yake: mabati, mabenchi ya mbao, na magunia ya pamba yaliyotundikwa kwenye matundu ya ukuta ili mwanga usiingie. Televisheni ilikaa juu ya meza, naye alikaa pembeni yake kwenye kiti cha plastiki, maiki mkononi, akitafsiri. Hakukuwa na filamu iliyomshinda. Wahindi, Wachina, Wamarekani, wote walizungumza kupitia koo lake. Lakini iliyojaza kibanda mpaka watu wakakaa chini ilikuwa ile tamthilia ndefu ya vyombo vya angani, ambayo Wazungu wamekuwa wakiitengeneza tangu kabla mama yangu hajaolewa. Kila baada ya miaka kadhaa wanaleta chombo kipya na kikosi kipya, ila dunia yao ni ile ile, na mtu aliyekuwa mdogo katika kikosi kimoja unaweza kumkuta mkubwa katika kingine. Mjomba alikuwa na vikosi vinne vyote kwenye diski.

Wasichana hawakuwa wakiingia kwenye vibanda vya video. Mimi niliingia kwa sababu mwenye kibanda alikuwa kaka wa mama yangu, na kwa sababu nilikuwa nafagia pale kila Jumamosi. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kikosi cha kwanza kiliongozwa na nahodha mwenye kovu shavuni, mtu wa ngumi. Hakumuuliza mtu chochote. Chombo kikipata shida, yeye anaruka, anapiga, anarudi amechafuka damu ya kijani, na wote wanampigia makofi. Mjomba alimpenda kama ndugu. Nahodha huyo akitua kwenye sayari ya viumbe wenye vichwa vitatu, mjomba alimfanya awaamkie Kisukuma: "Mwadila!" Na kibanda kizima kinaitikia, "Mwadila!" Sikatai kwamba nami niliitikia. Mjomba alikuwa na kipaji. Ningekuwa muongo nikisema hakuwa nacho.

Kikosi cha pili kilikuwa na nahodha mzee, mpole, mtu wa vikao. Adui yuko mlangoni, yeye anaita watu mezani kila mmoja atoe maoni. Pale kibandani walisema chombo kile kinaendeshwa na kamati ya maendeleo ya kata. Na humo ndani ya kikosi cha pili alikuwemo msichana mmoja mwenye nywele fupi na makovu ya moto mikononi, ambaye mara kwa mara aliingia chumbani kwa nahodha amebeba chombo cha chuma kinachofuka mvuke, akakiweka mezani, akasema maneno mawili matatu, akatoka. Mjomba alitueleza kwamba huyo ndiye msichana wa chai. "Chai yako, bosi," alimtafsiria kwa sauti nyembamba ya kubana pua. "Nimekuwekea tangawizi." Watu walicheka kila alipotokea. Walimsubiri atokee ili wacheke.

Nilikuwa kidato cha tatu. Fizikia ilikuwa somo langu, nililipenda kuliko chakula, na katika darasa letu wasichana tuliobaki nalo tulikuwa wawili, halafu mwenzangu akaolewa, nikabaki mmoja.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nafagia maganda ya karanga pale kibandani. Sehemu ya chini ya televisheni mjomba alikuwa amebandika kipande cha boksi kwa gundi ya karatasi. Alituambia kinazuia mwanga mkali usiharibu kioo. Nilikuwa nimekiona miaka yote bila kujiuliza. Siku hiyo gundi ilikuwa imelegea, boksi linaning'inia. Nikawasha deki nipate kitu cha kutazama huku nikifagia, na diski iliyokuwemo ilikuwa ya kikosi cha pili. Chini ya picha, pale boksi lilipokuwa linakaa, nikaona maandishi. Kila mtu alipofungua mdomo, maneno yake yaliandikwa pale kwa Kiingereza.

Niliegemeza ufagio ukutani. Nilikwenda kuchukua kamusi yangu nyumbani, mbio, nikarudi.

Msichana yule hakuwa msichana wa chai. Alikuwa fundi wa injini. Kile chombo cha chuma kilikuwa na maji ya kupoozea mitambo, aliyoyachota chini na kuyapandisha juu yakiwa yanachemka, amwonyeshe nahodha kwa macho yake kwamba injini inapata moto kupita kiasi na chombo cha angani kitapasuka. Alikwenda mara tatu, katika sehemu tatu tofauti. Mara zote tatu nahodha mpole, mtu wa vikao, alimshukuru akamwambia ataliweka kwenye ajenda. Halafu chombo kikapasuka. Watu wengi walikufa, nahodha mwenyewe alikufa, na fundi yule alikaa chini kwenye injini saa nyingi ameshika valvu kwa mikono mitupu ili waliobaki wapate kutoka. Ndipo makovu yalipozidi; mjomba alikuwa ametuambia anazuia birika lisimwagike.

Nilikaa kwenye benchi la mbele, mahali ambapo sikuwahi kukaa, nikalia. Sikulia kwa huzuni. Nililia kama mtu anayegundua kwamba amekuwa akimcheka mtu asiye na kosa, miezi na miezi, pamoja na wengine.

Alasiri ile ile ilikuwa zamu ya kikosi cha tatu kuanza, na kibanda kilijaa mpaka mlangoni. Boksi lilikuwa limebandikwa upya. Sehemu ya kwanza ya kikosi cha tatu inaanza na yule fundi akiwa amekua, amevaa sare ya nahodha, anaapishwa mbele ya wafanyakazi wake. Watu wakashangaa. Ni yule yule! Mmoja akauliza kwa sauti, "Sasa huyu wa chai amekuwaje nahodha?"

Niliona mjomba akisita. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya wa chai. Kisha akaisogeza maiki karibu na mdomo.

"Jamani, mnataka kujua kiti hicho amekipataje? Ile chai haikuwa chai ya bure! Mzee alikuwa akinyweshwa mpaka asubuhi!"

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Watu walipiga mabenchi kwa viganja. Kwenye kioo yule mwanamke alikuwa ameinua mkono wake wenye makovu, anataja mmoja mmoja watu waliokufa kwenye chombo cha zamani, na mjomba akaendelea kumsemea kwa sauti ya kubana pua, "Asanteni wapenzi, sasa kila mtu atapata kikombe chake."

Nilisimama. Sikupanga kusimama.

"Mjomba, hasemi hivyo! Anataja majina ya waliokufa. Alikuwa fundi wa injini. Imeandikwa hapo chini, toa hilo boksi watu wasome!"

Mjomba alinitazama, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake, hofu. Halafu akacheka kwenye maiki.

"Haya, na huyu naye anataka kiti! Wewe unakipata kwa chai gani?"

Nilitoka nje huku wanacheka. Miongoni mwao walikuwemo wavulana watatu wa darasani kwetu.

Jumatatu shuleni walikuwa wameshaamua jina langu. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa akiwafundisha wanafunzi wanne masomo ya ziada jioni, kwenye chumba cha maabara, na mimi nilikuwa mmoja wao, msichana peke yangu. Nilipoingia mlangoni, nyuma yangu mtu alisema kwa sauti nyembamba ya kubana pua, "Chai yako, mwalimu." Wote wakacheka. Mwalimu hakuelewa siku hiyo. Baada ya wiki mbili alikuwa ameelewa, kwa sababu maneno yalikuwa yamefika hata kwa walimu wenzake. Aliniita nje, chini ya ukingo wa paa.

"Mwanangu," alisema, "wewe una akili. Lakini mimi nina mke na nina ajira. Jioni usije tena. Soma mwenyewe, ukikwama uliza darasani, mchana, mbele ya watu."

"Nimekosa nini, mwalimu?"

"Hujakosa kitu."

Hayo ndiyo niliyoambiwa: hujakosa kitu, usije tena. Wavulana watatu niliokuwa nasoma nao jioni waliendelea kwenda. Mmoja wao leo ni mhandisi wa maji. Nilitaka uhandisi. Matokeo yalipotoka, fizikia yangu haikutosha. Sisemi mjomba ndiye aliyenifelisha; mtihani niliuandika mimi kwa mkono wangu. Ila nasema nilikuwa nimefunguliwa mlango, na mlango huo ulifungwa na kichekesho cha mtu ambaye hakutaka kusema "sijui."

Nyumbani ikawa mbaya zaidi. Mjomba alikuja kumshtakia mama kwamba nimemwaibisha mbele ya wateja wake. Mama aliniita sebuleni. Mjomba alikuwa amekaa, ameshika bakuli la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, anatafuna.

"Piga magoti," mama akasema. "Muombe mjomba wako radhi."

"Mama, alinitukana mbele ya watu."

"Mjomba hamtukani mtoto wa dada yake. Alikuwa anatania. Wewe ndiye uliyemkosoa mtu mzima mbele ya kadamnasi. Piga magoti."

Nilipiga magoti. Kwetu msichana anapiga magoti kila siku akisalimia, si kitu kigeni, lakini siku ile sakafu niliisikia. Nikasema, "Nisamehe, mjomba." Akasema, "Yameisha, ng'wana wane," yaani mwanangu, akanisogezea bakuli nichukue michembe. Nilichukua kipande kimoja. Nilikwenda kukitupa nyuma ya nyumba.

Nilisomea maabara ya tiba, na sasa ni mkuu wa maabara kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Lagangabilili. Kazi naipenda. Kuna kitu nimejifunza humo, nacho ni kwamba ukiangalia kitu vizuri kwa darubini unaacha kukisingizia. Lakini hata huko, wiki niliyopewa ukuu, nilipita kwenye korido nikamsikia mtu akimuuliza mwenzake, "Huyu naye kanywesha nani?" Hakutumia neno chai, na pengine hakuwahi kufika kibandani kwa mjomba. Hawahitaji kufika. Sentensi hiyo inazaliwa yenyewe kila mahali mwanamke anapopewa ufunguo.

Tamthilia yenyewe sikuiacha. Nilipopata simu nzuri nilivitazama vikosi vyote upya, mwanzo hadi mwisho, nikisoma kila neno. Basi nikabishana na kila aliyetaka kubishana. Mwenzangu wa maabara, mwanaume, husema kikosi cha kwanza hakina mfano. Mimi humuuliza: ni wangapi walikufa chini ya yule mwenye kovu, na nitajie hata mmoja. Hawezi. Hata walioandika tamthilia hawakuwapa majina. Wanavaa sare ya kijivu, wanashuka na nahodha sayarini, wanaliwa, na yeye anarudi kuvishwa nishani. Kikosi cha pili wanakisifia upole. Upole gani? Mtu amekuletea maji yanayochemka mezani mara tatu, wewe unamwambia asante! Bora yule wa ngumi, unajua mapema hakusikilizi. Na kikosi cha nne ndicho kinachoniudhi kuliko vyote, maana kimejaa watoto wa wakubwa wa kikosi cha kwanza na cha pili, wazuri wa sura, waliokuta vyeo vimeshawekwa juu ya kiti vinawasubiri, na hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyeulizwa amekipataje kiti. Yule fundi peke yake ndiye aliyeulizwa. Nimeitazama tamthilia nzima, na hata Wazungu wenyewe wanamuuliza, kwa maneno ya heshima.

Mwaka jana kikatoka kikosi cha tano. Jumapili moja, nimetoka kanisani, nikamkuta mjomba amekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu pale Bariadi mjini. Kibanda kilikuwa kimeshakufa siku nyingi, simu zilikiua. Alikuwa amevaa koti, na mkononi alikuwa na flashi.

"Mwadila, mjomba," nikasema, nikainama kidogo. Magoti sipigi tena.

"Mwadila, ng'wana wane. Nina shida."

Shida yenyewe ni kwamba mwenye duka moja la filamu karibu na stendi, anayewawekea watu filamu kwenye simu na flashi, alikuwa amemwomba aingize sauti kwenye kikosi cha tano. Watu wazima walikuwa wanamkumbuka mjomba. Walitaka sauti yake.

"Sasa si utafsiri?" nikamwambia. "Unajua kazi."

Alitazama viatu vyake. "Unajua kwamba sijui."

Ndiyo mara ya kwanza alipolitamka neno "sijui." Nilikuwa nimelingoja neno hilo karibu miaka ishirini, na lilipotoka halikunipa raha yoyote. Nilimwambia nitamsaidia kwa sharti moja: nisome mimi, aseme yeye, na asiongeze hata nukta. Akakubali upesi mno.

Tukafanya hivyo Jumapili saba, mchana, sebuleni kwangu, madirisha yamefungwa ili makelele ya bodaboda yasiingie. Mimi nasoma, nasimamisha picha, namwambia kwa Kiswahili. Yeye anarudia kwenye kinasa sauti. Kila baada ya dakika tano tunagombana.

"Hapo weka tusi kidogo. Watu watalala."

"Hajatukana."

"Yule wa kwanza angetukana."

"Yule wa kwanza alikufa, mjomba. Na hakutukana. Ulimtukania wewe."

"Kikosi cha kwanza kilikuwa cha wanaume," akasema Jumapili ya pili, akiwa amekasirika. "Hawa wa siku hizi wanaongea, wanalia, wanaombana msamaha. Chombo gani hicho?"

"Kile ambacho mtu akisema injini inaungua, wenzake wanashuka kuangalia."

Hakuwa amenielewa, kwa hiyo nikamweleza. Nilimweleza habari ya yale maji. Nilimweleza kuhusu zile safari tatu za kwenda kwa nahodha, na valvu, na mikono. Alinisikiliza mdomo wazi, na mwisho, Mungu anisamehe, akaanza kucheka.

"Kumbe yalikuwa maji ya injini! Mimi naona mvuke, nikajua chai!" Alijifuta macho. "Lakini kubali, chai ilikuwa tamu zaidi."

Hapo nilimweleza na yaliyobaki. Nilimweleza habari ya mwalimu aliyenisimamisha chini ya ukingo wa paa. Nilimweleza jina nililoitwa mpaka namaliza shule. Sikupandisha sauti.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia. Nikapigishwa magoti, na wewe unatafuna michembe."

Alikishika kinasa sauti, akakigeuza geuza. Halafu akasema, "Tuendelee, tunachelewa." Hakusema samahani. Mtu wa rika lake hamwambii samahani mtoto wa dada yake. Nimelijua hilo tangu nizaliwe, na bado liliniumiza kama jambo jipya.

Katika sehemu ya mwisho ya kikosi cha tano yule fundi anarudi. Sasa ni bibi, ameitwa kutoka kustaafu awafundishe vijana. Nahodha kijana, mtoto wa mkubwa, anamuuliza alikipataje kile kiti enzi zile. Nilisimamisha picha nikamsomea mjomba jibu lake: "Waliojua injini walikuwa wamekufa. Nilibaki mimi."

Mjomba aliwasha kinasa sauti. Alilisema vizuri, kwa sauti yake mwenyewe, bila kubana pua. Halafu, kabla sijazima, akaongeza: "Na aliyewaambia vingine alikuwa hajui Kiingereza."

"Nilisema usiongeze!"

"Hilo liache," akasema, akaanza kukunja waya wa maiki.

Nililiacha. Usiku huo sikujua kama nimeombwa radhi au nimechezewa tena. Mtu aliyeombwa radhi anapaswa kujua.

Wiki tatu baadaye mjomba alinipigia simu kazini. Alisema yuko dukani kwa yule mwenye filamu, na nikitoka nipitie. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Niliposhuka basi stendi nilipanda bodaboda ingawa ni karibu, kwa jinsi nilivyokuwa na wasiwasi.

Dukani kulikuwa na watu sita au saba wamesimama mbele ya kioo kikubwa, na kikosi cha tano kilikuwa kinaonyeshwa. Sauti haikuwa ya mjomba. Mwenye duka, mwanaume wa makamo mwenye kofia, alinieleza bila aibu: wateja walirudisha kazi ya mjomba. Walisema mzee amepoa, hachekeshi. Kwa hiyo alimpa mtafsiri mwingine, wa mjini, na flashi ya mjomba ameitupa kwenye droo.

Kwenye kioo alikuwa yule bibi, fundi, uso wake umesogezwa karibu, macho yake mekundu kwa sababu katika sehemu hiyo ametoka kuzima moto wa injini. Na mtafsiri wa mjini akapaza sauti: "Oneni macho ya bibi mchawi! Mekundu kama pilipili! Huyo hajapata cheo, amekula watu!"

Wakacheka, wale sita au saba.

Msomaji wa mbali huenda asielewe kwa nini damu ilinipanda. Kwetu Usukumani bibi mwenye macho mekundu si kichekesho. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe unachopikia maisha yako yote, na kwa macho hayo wanawake wazee wameitwa wachawi, wakakatwa mapanga usingizini. Bibi yangu mzaa mama, mama yake mjomba, aliishi kijijini Kalemela. Siku maneno yalipoanza kuzunguka juu ya macho yake, mjomba alikwenda na baiskeli, akambeba nyuma mpaka barabara kubwa, akamleta Somanda, akaishi naye mpaka alipozikwa. Aliacha ng'ombe, akaacha shamba, hakurudi kuvidai.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesimama pembeni ya mlango, koti limefungwa vifungo vyote.

"Zima," akamwambia mwenye duka.

"Mzee, ni utani tu. Watu wanataka kuchangamka."

"Nimesema zima! Unajua maana ya neno hilo? Unajua linafanya nini likitoka hapa likifika kijijini?"

"Sasa babu, kwani huyo si Mzungu wa kwenye filamu?"

"Ndivyo nilivyokuwa nasema na mimi!"

Nilikwenda nikachomoa waya ukutani mwenyewe. Kioo kikawa cheusi. Mwenye duka akaanza kunifokea, mimi ni nani, nitalipa hasara ya wateja, na nikamfokea kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Nilimwambia mimi ni mkuu wa maabara na nimepima damu ya mabibi wa namna hiyo wakiletwa na majeraha, na kwamba akitaka kuita polisi aite, ningependa sana wamsikilize huyo mtafsiri wake pamoja nami. Wateja walianza kuondoka mmoja mmoja bila kutazamana. Hakuita polisi. Alichomeka waya tena, akaweka muziki.

Tulitoka. Jua lilikuwa bado kali, vumbi la barabarani limesimama hewani. Mjomba alitembea mbele yangu kidogo, kisha akapunguza mwendo nikamfikia.

"Umeona?" akasema. "Umeona watu walivyo?"

Nilisimama pale pale, kando ya mafundi cherehani. "Nimeona, mjomba. Niliona nikiwa na miaka kumi na sita. Kwa mama yako umepiga kelele. Kwangu mimi ulitafuna michembe."

Alifungua mdomo. Nadhani alikuwa na la kusema, na nadhani safari hii lingekuwa la kweli, lakini sikulingoja. Nilimwita bodaboda, nikamwambia ampeleke mzee Somanda taratibu, ana goti bovu. Mimi nikageuka kurudi kule dukani, maana kulikuwa na flashi ya mjomba kwenye droo yao, yenye sauti yake na maneno niliyoyasoma mimi, na sikuwa tayari waifute ili waweke muziki.